Mashine ya TENS ya kutuliza maumivu kwa vishoti: inafanya kazi kweli au tunajitekenya na kucheka wenyewe?

Kiuno Kizee
Wakuu habari za muda huu. Nina swali ila nianze na stori kidogo ili mnielewe. Mgongo wa chini unanitesa mwaka wa tatu huu, picha nimepiga, vidonge nimemeza mpaka tumbo likagoma, mazoezi nafanya wiki mbili naacha (msinicheke). Sasa ndugu yangu mmoja kanipa kale kamashine ka TENS, kadogo kanaingia mfukoni, kana waya na stika zenye gundi, unabandika kwenye ngozi halafu ukiwasha kanakupiga vishoti vidogo vidogo. Nimekaa nako wiki nzima, kila jioni nalala kifudifudi nabandika naweka namba ya chini kabisa, ile unahisi kama sisimizi anakatiza, dakika 15 natoa. Matokeo sifuri. Nikasema basi hii ni janja janja ya mjini.

Juzi sasa kidole kikateleza nikapandisha namba mpaka nikaruka, nikashusha kidogo lakini ikabaki juu kuliko siku zote, kabla sijakaa sawa simu ikaita chumba cha pili nikainuka nayo mashine ikiwa kiunoni. Nimeongea weee ndo nakuja kushtuka, kumbe nimeinuka bila kushika ukuta! Sasa wajuzi, hiyo ilikuwa bahati, ilikuwa akili yangu tu, au kuna kitu nakosea tangu siku ya kwanza?

Jirani wa Uzi
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Mama yangu ana goti.

Tomaso wa Pili
Pole kwa mgongo mkuu, ila hapo umejitekenya mwenyewe ukacheka mwenyewe. Simu ikiita mtu anasahau maumivu, hata mwenye jino bovu anasahau. Hii kitu ilishapimwa kitambo, mwaka 1990 wakachukua watu 145 wenye mgongo sugu kama wako, wengine wakapewa mashine nzima wengine mashine bubu inayowaka taa tu haitoi kitu, baada ya mwezi hakuna tofauti ya maana. Na Uingereza wale NICE wanaotoa miongozo ya tiba waliandika 2016 kwamba TENS isitolewe kwa maumivu ya mgongo wa chini. Marekani nako bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilishakataa 2012 kuilipia kwa mgongo sugu. Sasa wote hao ni wajinga?

Fizio wa Zamu
Tomaso karibu, ila huo utafiti wa 1990 umeusimulia nusu mkuu. Mle ndani kulikuwa na kundi la mazoezi pia, na hilo ndilo lililopata nafuu kwenye mwezi wa kwanza, halafu ndani ya miezi miwili hivi wengi walikuwa wameshayaacha na nafuu ikayeyuka. Kiuno Kizee unasoma hapo? Wiki mbili unaacha, hauko peke yako.

Sasa nirudi kwenye swali lako maana ni zuri na asilimia kubwa ya watu wanaokuja kwangu wakisema "ile mashine haifanyi kitu" wanaitumia hivyo hivyo ulivyokuwa unaitumia wewe.

Ukijigonga kiwiko mlangoni unafanya nini kwanza? Unasugua. Hakuna aliyekufundisha, hata mtoto mdogo anasugua, na maumivu yanapungua kweli. Sababu ni kwamba habari za mguso na mtetemo zinapita kwenye nyuzi nene za neva zenye mwendo wa kasi, wakati maumivu yanapita kwenye nyuzi nyembamba. Zote zinaingia kwenye uti wa mgongo sehemu moja, na pale ni kama kuna mlango, nyuzi nene zikipiga kelele nyingi mlango unabanwa na habari ya maumivu inapita kidogo kwenda kwenye ubongo. Hiyo nadharia ya mlango waliitoa Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965. Baadae imerekebishwa sana, mambo ndani ya uti ni magumu kuliko walivyochora, ila wazo lenyewe ndo lililozaa hiki kimashine. Wall na mwenzake William Sweet hawakuanza na wagonjwa, walijichoma wenyewe elektrodi kwenye neva iliyoko chini ya jicho wakajipiga umeme kuona kama uso unakufa ganzi ya maumivu, wakaja kuandika 1967. Mimi hapo ndo huwa nasema wale jamaa walikuwa serious.

Kwa hiyo kosa lako la kwanza ni namba. Sisimizi anayekatiza habani mlango wowote. Unatakiwa upandishe mpaka uhisi mchonyoto mzito unaojaa pale panapouma, wenye nguvu lakini unauvumilia bila kukunja uso, ukianza kuuma au msuli ukikaza shusha kidogo. Na baada ya dakika tano kumi utaona kama imepungua, haijapungua, neva zimezoea, panda tena kidogo. Wengi wanaweka mara moja wanaacha hapo hapo mpaka mwisho.

Kosa la pili ni kulala. Hili ngoja nilirudie baadae nina mgonjwa mlangoni.

Mzee wa Waya
Wakati fizio anamalizana na mgonjwa mimi niseme ya upande wangu, mimi ni fundi elektroniki nimefungua hivi vidude vingi tu. Ndani hamna maajabu, betri, saketi ya kupandisha volti, na kichipu cha kukata umeme vipande vipande. Na kukata huko ndo siri yenyewe. Tuseme umeweka Hz 100, yaani mapigo 100 kwa sekunde, na upana wa pigo maikrosekunde 200, ukipiga hesabu kwa kila sekunde moja umeme unapita mwilini sehemu mbili tu kwa mia, muda uliobaki hamna kitu. Ndo maana miliampea zinaweza kwenda mpaka 60 au 80 na usiungue. Na mashine nzuri inapiga pigo linaloenda mbele na kurudi nyuma, chaji isirundikane upande mmoja chini ya stika ikaanza kula ngozi.

Watu wanalalamika "inachoma kama sindano", mara nyingi ni stika. Gundi ya stika ni jeli yenye maji, ikikauka au ikijaa mafuta ya mwili na vumbi inagusa ngozi kwa nukta nukta badala ya eneo zima, umeme wote unajibana kwenye vile vinukta, lazima ichome. Osha ngozi, usipake losheni kabla, stika ikianza kukauka ilowanishe kwa tone la maji, ikishachoka kabisa badilisha usiwe bahili. Na stika kubwa ni raha kuliko ndogo kwa mgongo. Usizigusanishe, acha upana kama wa stika moja katikati. Ukitaka kuhamisha stika zima kwanza, usiing'oe ikiwa inapiga utaruka kama chura.

Halafu nawaomba jamani, nimeona mtu anauliza mahali kama anaweza kujiundia kwa transfoma kutoka kwenye umeme wa ukutani. USIJARIBU. Mashine hizi zinatumia betri ili kusiwe na njia yoyote ya umeme wa ukutani kukufikia.

Bi Hidaya_K
Asante mzee wa waya kumbe ndo maana yangu inachoma upande mmoja tu. Mimi sio wa mgongo, mimi ni wa maumivu ya mwezi, yale ya kulala chini unajikunja. Nabandika mbili chini ya kitovu mbili kiunoni kwa nyuma au siku nyingine zote nyuma, nafanya kazi zangu nguo imefunika hakuna anayejua. Haiondoi yote, nisiwadanganye, ila kutoka kujikunja mpaka kutembea ni hatua kubwa sana na vidonge napunguza. Swali langu kwa fizio ni lile namba za Hz maana yangu ina programu nane sijui hata zinatofautiana nini nabonyeza tu.

Fizio wa Zamu
Nimerudi. Bi Hidaya kwa maumivu ya hedhi uko mahali pazuri, ni moja ya sehemu ambazo tafiti zimeiunga mkono TENS hasa ile ya Hz za juu, japo nyingi ni tafiti ndogo ndogo. Angalizo moja tu, siku ukihisi una mimba hiyo ya tumboni weka kabatini kwanza, tumbo na kiuno cha mjamzito havibandikwi hovyo. Kwenye uchungu wa kuzaa wapo wanaotumia, stika mgongoni tu, mwanzo mwanzo uchungu haujakolea, na wanawake wengi wakiulizwa wanasema wangeitumia tena hata kama kwenye vipimo maumivu yenyewe hayakushuka sana. Uchungu ukishakolea NICE waliwahi kuandika isitolewe.

Kuhusu Hz, sahau zile programu nane, nyingi ni mapambo. Kuna njia mbili za msingi. Ya kwanza ni Hz za juu, tuseme 80 mpaka 100 na kitu, pigo jembamba, unahisi mchonyoto unaoendelea bila kukatika. Inashika haraka, ukizima nafuu nayo inaondoka haraka. Ya pili ni Hz za chini, 2 mpaka 4, pigo pana, unapandisha mpaka msuli unarukaruka kidogo kama jicho linavyocheza. Hii inachukua muda, nusu saa hivi, lakini inabaki baada ya kuzima maana inaamsha endofini, ile morfini ya mwili wenyewe. Wanajua hivyo kwa sababu ukimpa mnyama wa maabara naloksoni, dawa ya kuzuia morfini, nafuu ya Hz za chini inapotea. Na hapo hapo kuna jambo la vitendo, mtu ambaye ameshatumia dawa za jamii ya morfini kwa muda mrefu hizo Hz za chini huwa hazimfai sana, mwili wake umeshaizoea morfini, aanze na za juu.

Dogo wa Mazoezi
Mi natumia ya kaka nabandika tumboni ili nipate siksipaki, wiki ya tatu hii sioni kitu, niongeze Hz?

Mzee wa Waya
Dogo hiyo siyo mashine yake. Ya kukaza misuli ni EMS, kinachofanana ni waya na stika tu. TENS inalenga neva za hisia. Na hata hiyo EMS kitambi haiyeyushi, rudi ukakimbie.

Tomaso wa Pili
😂😂 Huyu dogo ndo ushahidi wangu wa leo.

Ila fizio hujanijibu. Kama mlango unabanwa, mbona NICE wamekataa?

Fizio wa Zamu
Nakujibu. Shida ya TENS ni kuipima. Dawa unaweza kumpa mtu kidonge cha unga mtupu asijue, hii utamdanganyaje mtu asiyehisi vishoti? Anajua tu. Halafu tafiti nyingi za zamani waliweka nguvu ndogo, au walipima maumivu siku nyingine mashine ikiwa imezimwa. Hiyo ni sawa na kusugua kiwiko leo halafu uulizwe kesho kutwa kama kinauma. Wanaoandika miongozo wanaangalia mgonjwa atakuwaje baada ya miezi, na kwa kipimo hicho wana haki, mgongo hauponi kwa TENS na sijawahi kumwambia mtu utapona. Ila mwaka 2022 ulitoka uchambuzi mkubwa uliokusanya majaribio 381, wakakuta maumivu yanashuka wakati mashine inawaka au punde tu baada ya kuzima kuliko kwa mashine bubu, na hakukuwa na madhara makubwa. Soma tena hapo, WAKATI INAWAKA.

Ndo nakuja kwenye lile kosa la pili la Kiuno Kizee. Wewe ulikuwa unaiwasha ukiwa umelala, saa ambayo mgongo wako hauumi sana, unaizima halafu ndo unainuka. Yaani unafungua mwavuli sebuleni, unaukunja, unatoka mvuani. 2020 kuna jaribio walilifanya kwa wanawake wenye fibromayalja, ule ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima, wakaambiwa waivae nyumbani wakiwa kwenye shughuli zao, masaa mawili kwa siku, nguvu ya juu anayoivumilia mtu, wiki nne. Maumivu ya wakati wa kutembea yakashuka kuliko wa mashine bubu. Simu ilipokuita siku ile ndo mara ya kwanza uliitumia inavyotakiwa, kwa bahati mbaya.

Tomaso wa Pili
Hapo kwenye mwavuli nimekuelewa mkuu. Bado siamini yote ila nimekuelewa. Kumbe swali lilikuwa inasaidia saa ngapi, mimi nimekomaa na inaponya au haiponyi.

Jirani wa Uzi
Wakuu na mimi mama yangu wa goti nimsaidieje? Ana sukari pia na miguu anasema haihisi vizuri chini. Na baba yupo na pesimeka ya moyo, kile kifaa cha kusaidia mapigo, ila yeye bega linamuuma. Naweza kuwanunulia moja watumie wote?

Fizio wa Zamu
Ndugu hapo twende taratibu. Baba USIMBANDIKE. Pesimeka inasikiliza umeme wa moyo, hivi vishoti vinaweza kuidanganya ikadhani moyo unapiga wenyewe ikanyamaza, au kama ni ile ya kushtua moyo ikadhani kuna hatari ikamshtua bure. Mpaka daktari wake wa moyo aseme mwenyewe, na atataka kumpima akiwa ameivaa. Bega lina njia nyingine nyingi.

Mama gotini inawezekana, stika mbili juu mbili chini, avuke nayo vyumba na ngazi polepole. Lakini mjaribu ngozi kwanza, mguse na kitu chenye ncha na kitu butu akiwa amefumba macho, kama hatofautishi sehemu hiyo haibandikwi, kwa sababu atapandisha namba akitafuta hisia ambayo haipo mpaka ngozi iungue. Sukari yenyewe haikatazi, ganzi ndo inakataza.

Na kwa wengine wote wanaosoma: shingo kwa mbele hapana kabisa, kuna mishipa pale inayoongoza presha na kuna misuli ya koo inaweza kubana. Kifuani kwa kuvusha moyo hapana. Machoni hapana. Kidonda, mguu wenye damu iliyoganda, sehemu yenye saratani, hapana bila daktari. Mwenye kifafa aongee na daktari wake. Usiendeshe gari ukiwa nayo, usioge nayo, usilale usingizi nayo.

Bi Hidaya_K
Kichwani nako hapana? Mbona nimeona picha ya mtu kabandika kwenye paji la uso.

Fizio wa Zamu
Hiyo ni mashine nyingine ya kipandauso, Cefaly, iliruhusiwa Marekani 2014, imetengenezwa kwa ajili ya paji la uso na nguvu yake imepimwa kwa hapo. Usichukue ya mgongo ukahamishia usoni.

Babu Torpedo
Vijana mnadhani mmegundua kitu. Mganga wa Kirumi Scribonius Largus, karibu mwaka 47, alikuwa anamwambia mwenye jongo akasimame ufukweni juu ya taa wa umeme, yule samaki bapa, akiwa HAI, mpaka mguu ufe ganzi mpaka gotini. Wa kichwa alikuwa anawekewa samaki pale pale panapouma. Fizio hapo Hz ngapi?

Mzee wa Waya
Samaki hana kitufe cha kushusha babu 😂

Mama Wawili
Samahani kuingilia, yangu ilinifaa sana wiki ya kwanza, bega hili, nikawa natumia asubuhi mchana jioni kila siku namba ile ile. Wiki ya pili ikapotea kabisa utadhani sijabandika kitu. Imeharibika?

Mzee wa Waya
Anza na betri na stika dada yangu. Nane kati ya kumi wanaoniletea "imekufa" ni stika.

Fizio wa Zamu
Na kama stika ni nzima basi ni mwili umezoea. Kwa panya wa maabara ukiwapiga pigo lile lile kila siku nafuu inafifia siku ya nne au ya tano, sasa wewe mara tatu kwa siku! Dawa yake ni kubadilisha badilisha, leo Hz za juu kesho za chini, au mashine yenye programu inayochanganya yenyewe, panda nguvu kidogo kidogo katikati ya kipindi, na siku ambazo bega limetulia liache. Iwashe saa una kazi ya kunyanyua mkono juu, sio kwa ratiba kama dawa ya malaria.

Mama Wawili
Sawa kaka nimekupata. Stika nazo kweli zimekuwa kama karatasi, sikuwa najua zinabadilishwa.

Kiuno Kizee
Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, niliahidi moyoni kuleta mrejesho maana nyuzi nyingi mtu anauliza anapotea. Nimefanya alivyosema fizio, nabandika asubuhi saa ile mgongo mkavu kama ubao, Hz 100, napandisha mpaka pajae, halafu SILALI. Nafagia, nainama kuvaa viatu, natoka natembea dakika 20, zile siku mbili za kwanza 10 tu. Yale mazoezi niliyokuwa naacha nayafanya ikiwa inawaka. Nikizima, ndani ya saa moja maumivu yanarudi, sio yote, na hilo lilinivunja moyo wiki ya kwanza kwa kweli nikataka kumpigia makofi Tomaso. Ila wiki hii nimegundua nimetembea siku mbili bila mashine nilikuwa nimeisahau kwenye begi. Sijui nimshukuru mashine au kutembea.

Fizio wa Zamu
Shukuru kutembea. Mashine imekushika mkono tu mlangoni.

Tomaso wa Pili
Nilishajiandaa kupokea hayo makofi. Hongera mkuu.

Kiuno Kizee
😂 Asante. Swali la mwisho na ni la aibu kidogo, mgongo wangu una vinyweleo na kila nikibandua stika navuna msitu. Ninyoe?

Mzee wa Waya
Punguza kwa mkasi, wembe hapana. Ukinyoa halafu ukabandika hapo hapo ile ngozi iliyokwanguliwa itakufanya uimbe.

Kiuno Kizee
Nimechelewa kuuliza. Nilinyoa jana.